Wimbo Mzima

Kinyozi alikuwa na kipimo kimoja tu cha muziki, nacho ni shingo ya mteja. Akitengeneza biti mpya aliipiga kwenye spika iliyokuwa juu ya kioo, akashika kichwa cha mtu kwa mkono wa kushoto na mashine ya kunyolea kwa mkono wa kulia, akasubiri. Shingo ikianza kucheza chini ya kiganja, biti imekubali. Isipocheza, alirudi kuivunjavunja na kuijenga upya. Kipimo hicho hakikuwahi kumdanganya, ila kilikuwa na gharama yake: nusu ya wanaume wa mtaa ule walitembea na mistari iliyopinda juu ya masikio, na kila mstari uliopinda ulikuwa ushahidi wa biti iliyofaulu.

"Siku moja utanitoa sikio," fundi bomba, mteja wake wa kila Jumamosi, alizoea kulalamika.

"Basi usitikisike."

"Nisitikisike vipi, na wewe ndiye unayenitikisa?"

Muziki wote huo ulitoka kwenye laptopu moja kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa kiunoni ili kioo chake kisianguke nyuma. Ilikuwa na roho ngumu lakini pumzi fupi. Ukiipa ngoma, besi na sauti ya mtu kwa pamoja, ilivumilia dakika moja hivi, kisha sauti ikaanza kukwaruza kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, halafu skrini ikaganda na kila kitu kikapotea. Kinyozi akajifunza kuishi nayo. Alirekodi kipande, akahifadhi, akaipumzisha, akarekodi kipande kingine. Hata dada yake, ambaye ndiye aliyeimba nyimbo zake zote, aliimba mstari mmoja mmoja na kusimama katikati ya maneno kama mtu anayesubiri gari lipite. Ndiye aliyempa kaka yake jina la Vipande, na mtaa ukalipokea kwa mikono miwili.

Dada huyo alikuwa muuguzi. Waliishi wawili tu, katika vyumba viwili vya nyuma ya chumba cha kunyolea, tangu wazazi walipofariki. Mwaka huo alipata kazi katika hospitali ya mbali sana, huko ambako mtu akienda haji nyumbani kwa mwisho wa wiki. Mkataba ulikuwa wa miaka. Siku aliyosaini alikuja na maneno ya wimbo kwenye daftari ambalo hakumwonyesha mtu, akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema, "Huu ni wangu. Nataka uishe kabla sijaondoka. Nisikie wote, mwanzo mpaka mwisho, siyo vile vipande vyako."

"Utaisha," Kinyozi alisema. "Nanunua laptopu nyingine. Wiki hii hii."

Wiki hiyo ikapita, na nyingine, na nyingine.

Pesa alikuwa nazo, si nyingi, ndani ya kopo la poda ya watoto lililokuwa rafuni nyuma ya taulo. Kilichokosekana ni utulivu. Aligeuka kiguu na njia. Akifunga kazi mapema alizunguka maduka ya vifaa vilivyotumika, akainua hii, akafunua ile, akauliza maswali, akaondoka mikono mitupu. Wengine walimwambia muhimu ni memori, maana kila sauti unayoongeza inataka mahali pa kukaa. Akatulia na memori siku mbili, kisha mpiga kinanda wa bendi ya harusi akamwambia memori si kitu kama prosesa, ubongo wa mashine, ni goigoi. Akaanza upya. Baadaye akasikia habari za joto, za feni zinazopiga kelele, za diski za kizamani zinazochelewesha sauti, za matundu ya mikrofoni yaliyoondolewa kwenye mashine za siku hizi. Usiku alijigeuza kitandani na mchana alinyoa huku akili iko kwingine. Mteja mmoja aliyeomba apunguzwe kidogo aliondoka na kipara, na hakurudi tena.

Ukweli ni kwamba hakuwa anatafuta laptopu. Alikuwa anakwepa siku. Akinunua, wimbo utaisha, na wimbo ukiisha dada ataondoka. Hakuwahi kujiambia hivyo kwa maneno, lakini kila alipofika karibu na kutoa pesa alipata kasoro mpya. Wakati huo chumba cha pili kilikuwa kinapungua taratibu. Mapazia yalikunjwa, viatu vikaingia kwenye boksi, na begi kubwa la bluu likasimamishwa mlangoni. Kinyozi alilikwepa kila alipopita, na hakulitaja hata mara moja. Dada naye hakulitaja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, dada aliingia chumba cha kunyolea akiwa amevaa viatu vya kutembelea. Fundi bomba alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado msitu.

"Vua aproni," dada alisema. "Chukua kopo, chukua flashi. Tunakwenda."

"Dada, nina mteja."

"Mteja atasubiri. Si utasubiri, bwana?"

Fundi bomba alijitazama kwenye kioo, nusu mtu nusu kichaka. "Nitakwenda wapi hivi?" alisema. "Nendeni tu. Mniachie spika."

Dukani, muuzaji aliwapokea kwa kicheko. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani aliyoivaa kichwani bila kuishusha machoni. "Mkaguzi amerudi!" alisema. "Leo umekuja kuzipima homa tena?" Maana Kinyozi alikuwa na desturi ya kuweka kiganja chini ya kila mashine, vilevile alivyoshika vichwa, akasikiliza joto likipanda.

"Leo tunanunua," dada alisema kabla kaka yake hajafungua mdomo.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, mpya kabisa. Muuzaji aliiwekea wimbo wa kawaida, nayo ikaimba vizuri mpaka dada akatabasamu. Kinyozi akatikisa kichwa. Wimbo uliokwisha kupikwa unachezwa hata na simu. Tabia ya mashine huioni mpaka uufungue wimbo ukiwa bado mbichi, ngoma peke yake, besi peke yake, kila sauti na kazi yake, vyote vikitembea kwa wakati mmoja. Akachomeka flashi, akaweka programu yake, akafungua wimbo wa dada jinsi ulivyofikia. Mashine ile nzuri ilikwenda mpaka besi ilipokutana na sauti, ikaanza kukwaruza.

"Ongeza memori," dada alisema.

"Hiyo haiongezwi," muuzaji alikiri. "Walivyoiunda ndivyo itakavyozeeka."

Ya pili ilikuwa ya wacheza gemu, ina taa za rangi chini ya vitufe na nguvu za kutosha kuendesha bendi nzima. Lakini feni yake ilivuma hivi kwamba muuzaji alilazimika kupaza sauti, na bei yake ililipita kopo la poda kwa mbali. "Nikirekodi na hii," Kinyozi alisema, "wasikilizaji watadhani dada anaimba ndani ya ndege."

Kinyozi akasikia alichokisema, akainama kutazama vitufe.

Ya tatu muuzaji aliitoa chini ya meza bila hamu. Nyeusi, nene, nzito, imetoka katika ofisi fulani. Mgongoni ilikuwa na alama za stika zilizobanduliwa na herufi mbili za kibodi zilikuwa zimefutika kwa kuandikiwa. Betri yake haikufika mbali bila umeme. Ila prosesa yake ilikuwa nzuri, diski yake ya kisasa, na ilikuwa na nafasi ya kuongezea memori, ambayo muuzaji aliijaza hapohapo kwa bisibisi ndogo. Wimbo ukafunguka. Ukatembea. Besi ikakutana na sauti, kinanda kikaingia, kiitikio cha "usilishike, usilishike" alichokipanga mara nane kikaja, na hakuna kilichokwaruza. Ukafika pale ambapo vipande vilikuwa vimeishia, ukanyamaza wenyewe. Kinyozi aliweka kiganja chini yake. Ilikuwa na joto la kichwa cha mtu mzima asiyeumwa.

"Hii," dada alisema.

"Betri yake lakini..." Kinyozi alianza kujikuna shingo. "Na uzito huu. Nilisikia wiki ijayo wanaleta nyingine. Tungesubiri tu wiki ijayo..."

"Wiki ijayo mimi sipo, Vipande."

Hakupandisha sauti. Alisema vile muuguzi anavyomwambia mgonjwa kwamba sindano inaingia sasa. Kinyozi akafungua kopo. Noti zilitoka na harufu ya poda, muuzaji akapiga chafya, na biashara ikaisha hivyo.

Jumapili asubuhi walifunga mlango wa mbele, wakatundika taulo zote ukutani ili sauti isirukeruke, na dada akaketi kwenye kiti cha wateja, mikrofoni mbele yake ikiwa imefungwa kwenye fimbo ya fagio. Kinyozi alivaa vipokea sauti masikioni.

"Mstari wa kwanza," alisema kwa mazoea, "halafu tunasimama."

"Leo hatusimami."

Akaimba. Mwanzo Kinyozi aliujua kama anavyojua mikono yake. Begi liko mlangoni, usilishike. Viatu viko miguuni, usivitazame. Kwa wiki zote hizo alikuwa ameuelewa kuwa wimbo wa mwanamke anayemwacha mwanamume, akaukatakata na kuupanga alivyoona utachezeka, akachukua "usilishike" akaifanya kiitikio kwa sababu iligonga vizuri na ngoma. Alitazama skrini na kungoja mkwaruzo, mkono uko tayari kwenye kitufe cha kuhifadhi. Mkwaruzo haukuja. Dada akapita pale walipozoea kusimama, akaingia kwenye ubeti ambao Kinyozi hakuwahi kuusikia.

Ulikuwa unasimulia chumba kimoja chenye vitanda viwili. Mtoto mdogo anapiga chuma cha kitanda kwa kijiko mpaka majirani wanakuja kugombana, na mkubwa anasimama mlangoni kusema, ni mimi, nipigeni mimi. Kinyozi akauacha mkono wake ushuke. Kijiko kile bado kilikuwepo, ndani ya kabati la vyombo, kimepinda shingo. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, na dada aliuimba akitazama kwenye kioo, mle ambamo macho yao yalikutana.

*Wote wameniuliza lini,
hakuna aliyeuliza kama naogopa.
Wewe uliyenisikia kipande kipande,
leo nimefika mwisho, niambie:
nikae, au niende?*

Kwenye skrini mstari uliendelea kutembea.

"Hayo maneno ya mwisho," Kinyozi alisema, "umeyaandika lini?"

"Siku ileile ya kwanza. Mashine yako haikuwahi kufika huku."

"Ungeniambia tu, dada."

"Nilikuwa nakuambia."

Alitaka kusema kaa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi, jepesi, na alijua kwamba akilitoa dada angelifungua lile begi la bluu mchana huohuo na asimlaumu hata siku moja. Ndiyo maana lilimtisha. Alimkumbuka akirudi kutoka zamu miguu imevimba, akiimba mstari, akisubiri, akiimba mstari, bila kulalamika, kwa sababu kaka yake alikuwa na mashine mbovu. Maisha yake yote huyu mtu amekuwa akisimama kumsubiri yeye.

"Nenda," alisema, na neno halikusikika. Akakohoa, akalirudia. "Nenda, dada. Nenda."

Dada alijifunika uso kwa taulo la kinyozi, akalia na kucheka kwa pamoja, nywele za watu zikamganda mashavuni. "Basi izime," alisema. "Bado inarekodi."

Kesho yake aliondoka. Begi Kinyozi alilibeba mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata fundi bomba aliketi kitini na kutoa onyo lake la kawaida kuhusu sikio. Kinyozi alikuwa amekesha na wimbo siku kadhaa. Ngoma zote alizitoa. Kilichobaki ni besi ndogo kwa mbali na kijiko kilichopinda kikigonga chuma cha kitanda, maana alikuwa ameingia chumba cha pili kukirekodi huko. Mwishoni mwa wimbo aliyakata yale mazungumzo yao, kisha akarudi na mkasi wake wa programu mara nyingi ili akikate na kile kikohozi chake na maneno yake yaliyofuata. Kila mara aliufunga bila kukata.

Akaucheza. Akashika kichwa kwa mkono wa kushoto, akawasha mashine, akasubiri.

Shingo haikucheza. Ubeti wa kwanza, wa pili, kijiko kikagonga na kugonga, na kichwa cha fundi bomba kilikaa kwenye kiganja kama jiwe. Miaka yote hiyo kipimo hakijawahi kumdanganya. Aliendelea kunyoa tu, kwa kuwa mikono haikuwa na la kufanya jingine, na mstari juu ya sikio ukatoka umenyooka, wa kwanza kunyooka tangu wafahamiane. Dada aliuliza swali lake. Kimya kikapita, mtu akakohoa, akasema nenda.

Kinyozi alizima mashine, akainua macho. Kwenye kioo fundi bomba alikuwa amekaa vilevile, hajapepesa, machozi yamemfika kwenye masharubu na hakuyafuta.

"Na alikwenda?" aliuliza.

"Alikwenda."

Fundi bomba aligeuza kichwa taratibu, akampa sikio la pili.

"Haya, uanzishe tena," alisema. "Upande huu bado."