Msindikizaji Hatoi Dawa

1

TANGAZO
(limebandikwa mapokezi, wodi ya wazazi)

Wakunga wa jadi wa kata hii sasa wanatambuliwa rasmi kuwa WASINDIKIZAJI. Msindikizaji atamleta mjamzito kituoni mapema. Msindikizaji hatazalisha. Msindikizaji hatatoa dawa ya aina yoyote. Atakayebainika ataondolewa na hatua za kisheria zitafuata.

Karibuni tushirikiane.

2

Somoe Chilumba hakujua kusoma, lakini tangazo alilikariri siku ya semina, liliposomwa kabla ya soda. Siku hiyo alivishwa kitambulisho chenye picha yake, na wanawake aliowazalisha wakapiga vigelegele. Miaka yote kituo kilimwita mchawi. Siku hiyo kilimwita mwenzetu.

3

Namna alivyofanya kazi tangu semina:

Mjamzito anafika kwake. Somoe anavua kitambulisho, anakitundika msumarini. Anamkanda. Anamnywesha mizizi aliyorithi kwa mama yake, ile ya kuharakisha uchungu. Kisha ananawa mikono, anavaa kitambulisho, anakuwa mtu wa serikali, na safari ya kituoni inaanza.

Hakuona kwamba anamdanganya mtu. Kila kazi ilikuwa na wakati wake.

4

Asubuhi, mapokezi. Mjamzito ni Zubeda, mimba ya kwanza. Waliomleta ni wawili: mama yake aitwaye Esha, na Somoe, ambaye ndiye aliyempokea Zubeda mwenyewe alipozaliwa.

— Shikamoo bibi. Umempa dawa yoyote?

Muuguzi Ndekwa aliuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikiliza, tangazo likiwa ukutani nyuma ya kichwa chake.

— Msindikizaji hatoi dawa, mwanangu.

— Kwa hiyo ni hapana?

— Hapana.

5

(benchi la nje, sauti za wanaosubiri)

— Mama Somoe siku hizi hata shikamoo anaipokea kwa foleni.

— Mwache, bosi huyo. Kesho atatuandikia vyeti.

— Esha, mjukuu wa kiume huyo. Tumbo lile limechongoka!

— Awe wa kiume, awe wa kike, atoke tu, shoga yangu.

6

Kutoka katika mwongozo wa wauguzi:

Baadhi ya dawa za asili huufanya mji wa mimba ubane. Dripu ya kuongeza uchungu huufanya mji wa mimba ubane. Zikikutana, mji wa mimba unaweza kupasuka. Muulize mgonjwa. Muulize faraghani.

7

Wewe unayesoma umeshajua.

Ndekwa hajui. Esha, aliyewakuta njiani, hajui. Zubeda anajua alichokunywa, lakini amelelewa kusema anachosema bibi.

8

Adhuhuri uchungu ulififia. Kupitia mlango uliorudishwa nusu, Somoe alimsikia Ndekwa akimwambia mwenzake kwamba njia imegoma kufunguka, na daktari ameagiza dripu.

Semina ilikuwa imewaeleza kwa lugha nyepesi: dripu nayo ni mizizi, ya hospitali. Na Somoe, katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kumnywesha mwanamke mizizi juu ya mizizi.

Akisema: kitambulisho, polisi, kuitwa mchawi tena.

Asiposema:

                    Zubeda.

9

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akausukuma mlango.

— Bibi, huku haturuhusu—

— Usimtie. Nilimpa.

— Ulimpa nini?

— Mizizi. Alfajiri, nyumbani.

Ndekwa hakumfokea. Aliutazama mkono wa Zubeda. Somoe naye akautazama.

Matone

          yalikuwa

                    yanashuka.

— Funga! Funga hiyo dripu! Mwite daktari!

10

Somoe aliporudi benchini, Esha alikuwa amesikia yote. Hakulia wala hakutukana. Alichukua kanga za kumpokelea mtoto zilizokuwa kati yao, akazihamishia upande wake wa pili.

— Asubuhi ulisema hapana.

— Watu walikuwa wengi, Esha.

— Na mimi nilikuwepo, mama. Ungeninong'oneza mimi.

11

Kutoka ndani: magurudumu ya kitanda. Kitu cha chuma kikianguka sakafuni. Jina la Zubeda, likirudiwa, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake. Kisha kilio chembamba, ambacho huenda kilikuwa cha mtoto, na huenda kilikuwa cha

12

Mlango ulifunguliwa.

— Ndugu wa Zubeda?

Wanawake wawili walisimama.

— Wewe kaa, Esha alimwambia Somoe.