Nani Atamwosha Bi Zuleikha

Nesi Phoebe alimfunga Bi Zuleikha ule mkanda wa presha mkononi, akautazama mtambo, akaufungua mkanda, akamfunga tena mkono wa pili.

"Bibi, hii presha ni ya msichana," akasema. "Hebu niambie siri yake. Unakula nini?"

"Samaki," akajibu Bi Zuleikha. "Na mbaazi kidogo."

Uongo mtupu. Samaki Malindi nzima inakula, na watu wanakufa vilevile. Kilichomweka Bi Zuleikha duniani mpaka wajukuu zake wakawa na mvi, magoti yakimpandisha ngazi bila kulalama, ni Bi Hafswa wa nyumba ya pili. Alikuwa ameapa kwamba hatangulii kufa Hafswa angali hai. Jambo kama hilo utamwelezaje nesi wa watu aliyekuja juzi tu kutoka bara?

Basi wewe sikiliza. Bi Zuleikha alikuwa mwosha maiti. Tangu ujana wake, mwanamke akifa mtaani, awe mke wa tajiri au muuza mahamri, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Hakulipwa, na aliyethubutu kumletea bahasha alirudi nayo na maneno juu yake. Kikapu chake kilikaa nyuma ya mlango, pamba, kafuri, glavu, ubani, na majani ya mkunazi ya kutia kwenye maji. Mwenzake katika kazi hiyo ya Mungu alikuwa Hafswa. Mmoja humimina maji, mwengine huosha, huyu upande huu wa kitanda na yule upande ule, miaka nenda miaka rudi. Tusimpunje Hafswa haki yake, mkono wake ulikuwa mzuri. Tabu ilikuwa kinywa.

Maana kazi hii ina sharti. Ulichokiona kitandani hukitoi nje ya mlango. Marehemu ana kovu, ana kidole cha sita, hayo ni baina yake na Mola wake. Hafswa alilijua sharti hilo na akiwafundisha wengine vizuri kabisa. Kisha kwenye chai ya matanga utamsikia anashusha pumzi: "Maskini marehemu, kumbe nywele zile hazikuwa zake." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na huruma yake ilifika Watamu kabla ya adhuhuri.

Na Bi Zuleikha alikuwa na jambo lake mwilini.

Alipokuwa kigoli alipelekwa kwa shangazi yake Jilore, kwenye shamba la mikorosho. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa ngozi hubabuka, na kovu lake unakwenda nalo mpaka kaburini. Vijana wa enzi zile walikuwa na wazimu wa kujiandika kwa mafuta hayo majina ya wapenzi wao. Zuleikha naye, akili imemruka kwa kijana mmoja akiitwa Twaha, akachovya kijiti, akajiandika ubavuni chini ya kwapa, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani. Kwa herufi hizo Twaha ni mbili tu, alhamdulillahi, kwani kwa uchungu alioupata siku ile, angempenda Abdulrahman angekufa palepale.

Twaha hakumwoa. Baba yake alimwoza kwa Farjallah mwenye duka la vitambaa, mume mwema asiye na maswali, ambaye aliambiwa kovu lile ni la mafuta ya viazi karai na akaridhika. Twaha naye akaoa mwaka uliofuata. Akamwoa Hafswa.

Hapo sasa. Maiti ya mwanamke husitiriwa kwa shuka kuanzia kitovuni hadi magotini, hata mbele ya wanawake wenziwe. Laiti angejiandika pajani, angelala kaburini na siri yake. Ubavu hauna shuka. Na Hafswa, herufi za Kiarabu alizisoma hata bila miwani.

Ndiyo maana Bi Zuleikha hakugusa sukari. Ndiyo maana alfajiri alitembea mpaka ufuoni na kurudi, akiwaamkua paka. Na ndiyo maana aliwasomesha kuosha wasichana wa mtaa, mmoja baada ya mwengine, akitafuta mmoja tu mwenye mdomo mzito wa kumwachia wasia wake. Kabibi alizimia alipoona sanda, na hiyo ilikuwa dukani. Mwengine alijua kazi, lakini akaolewa na kwenda zake. Wa tatu alitoa simu ati apige picha kidogo aweke mtandaoni, Bi Zuleikha akamtoa nje kwa kata ya maji. Waume wa pande zote mbili wakafa, Twaha kwanza, kisha Farjallah, na wale vikongwe wawili wakaendelea kuosha watu wadogo kuliko wao.

Kisha kifua kikambana. Homa ilimlaza Bi Zuleikha, wanawe wote wakiwa Mombasa na Uarabuni, na Nesi Phoebe akaja nyumbani na vidonge na amri.

"Homa hii ishushwe kwa maji ya uvuguvugu. Aoshwe mwili mzima, asubuhi na jioni. Yuko mtu wa kumsaidia?"

"Niko mimi," ikasema sauti mlangoni. Hafswa alikuwa amekwisha kukunja mikono ya kanzu, na beseni analo.

"Sitaki," akasema Bi Zuleikha.

"Umesikia nesi."

"Namtaka nesi mwenyewe."

"Mimi nina wagonjwa wengine, Bibi," akasema Phoebe, naye akajiondokea zake, asijue amemwacha nani na nani.

Bi Zuleikha akaishika shuka kwa mikono miwili. Hafswa akaivuta. Bi Zuleikha akajibana ukutani, ubavu wa kushoto ukigusa chokaa.

"Wallahi, sijapata kuona," akasema Hafswa, anahema. "Wote niliowaosha maisha yangu, hakuna aliyenisumbua hivi."

"Hao walikuwa wamekufa."

"Basi jifunze kwao."

Alikuwa na nguvu, kizee yule. Alimgeuza Bi Zuleikha kama anavyogeuza watu siku zote, mkono mmoja begani na mmoja kiunoni, akauinua mkono wa kushoto, akapitisha kitambaa ubavuni. Kitambaa kikasimama. Bi Zuleikha akafumba macho, akaona matanga yake yote, birika na vikombe na Hafswa katikati anashusha pumzi. Aibu ilimchoma kuliko homa.

Kitambaa kikaendelea na safari yake.

"Mistari yako imekaa sawa," akasema Hafswa. "Yake ilikwenda kombo."

Bi Zuleikha akafumbua macho. "Yake nani?"

"Twaha. Ubavu huuhuu. Zuleikha, herufi tano, na ya mwisho imeteremka kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka. Alinambia alilia kama mtoto. Geuka huku."

Bi Zuleikha akageuka mwenyewe, bila kuvutwa. Herufi tano. Na yeye kumbe alikuwa akijihurumia kwa mbili.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu usiku wa harusi yangu, mwenzangu. Nililala na jina lako mpaka nikalizoea." Hafswa akakamua kitambaa. "Mwanzo nilikuchukia. Halafu tukawa tunaosha pamoja, chuki ikakosa wakati. Unakumbuka alipokufa, niliwakatalia wanaume mlangoni?"

Bi Zuleikha alikumbuka, mtaa mzima ulikumbuka. Hafswa alisema mke ana haki ya kumwosha mumewe, akafunga mlango, akamwosha Twaha peke yake, mzee mzito vile, watu wakamwona ana kichaa cha msiba.

"Ningewaacha wakusome?" akasema Hafswa. "Wewe una mume nyumbani na watoto?"

Bi Zuleikha akaushika ule mkono wenye kitambaa. Alilia, machozi yakaingia kwenye beseni, na Hafswa akamwacha alie.

"Na hukumwambia mtu," akasema mwishowe. "Wewe, Hafswa."

"Kinywa changu kina nafasi ya siri moja tu. Wewe ndiye uliyeijaza. Hao wengine ningewaweka wapi?"

Baada ya siku ile Bi Zuleikha hakuwa na sababu ya kumkimbia Hafswa tena. Mtu wa kumwosha alikuwa amempata, mwenye mkono mzuri na mdomo, kwa jambo lile, mzito kuliko wote. Basi akajitayarisha. Aliagiza sanda iwekwe karibu, akatoa shahada, akalala chali, akasubiri kwa adabu. Hakikuja kitu. Homa ilishuka, njaa ikapanda, na kufikia wiki ya pili alikuwa amechoka kuzihesabu boriti za dari.

Asubuhi moja akasikia hodi kwa Hafswa. Alikuwa kijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo, sauti imekauka, mama mkwe wake ametangulia. Kisha akamsikia Hafswa anapita, kikapu mkononi, anakohoa kidogo, na nyuma yake hakuna wa kumimina maji.

Bi Zuleikha akaketi kitako.

"Hafswa," akaita dirishani. "Mkunazi umechukua?"

"Lala wewe, mgonjwa."

"Umechukua au hukuchukua?"

Hafswa akachungulia kikapuni. "Nimesahau."

Ndilo alilolitaka. Akavaa buibui juu ya nguo ya kulalia, akanyakua kikapu chake nyuma ya mlango, akateremka ngazi.

"Ukifa njiani nani ataniosha mimi?" akafoka Hafswa. "Kabibi? Nitazame vizuri, Zuleikha. Huendi popote kabla yangu."

"Mbona siendi," akasema Bi Zuleikha. "Sogea nipite."

Wakaufuata uchochoro mpaka barabarani kulikosimama tuktuk, vikapu viwili vikigongana. Hafswa alibaki nyuma, akimwambia apunguze mwendo, kuna mgonjwa hapa. Ndipo Bi Zuleikha akagundua kwamba anakwenda mbio, na hamkimbii mtu.