Mvule wa Baba

Mimi sina subira, nalisema mapema tusije tukalaumiana. Kwa hiyo nilipoiona ile meza nje ya duka la fanicha za mitumba, katikati ya vitanda vilivyofunguliwa na kabati lisilo na mlango, nilimkatia simu niliyekuwa naongea naye, nikavuka barabara bila kutazama magari. Mwenye pikipiki akanitukana. Nikamrudishia yake, nikaendelea na safari.

Ilikuwa meza ya kulia, imepakwa rangi ya kijani nzito, ile ya kupaka mageti. Lakini miguu! Minene juu, imebanwa katikati, chini inaishia kama kwato ya mbuzi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na miguu ile ilikuwa yake.

Meza ya kwetu aliitengeneza kabla sijazaliwa. Mgeni akiingia, hata hajapewa maji ya kunywa, baba ataigonga kwa kidole, ko ko, aseme, "Mvule huo!" Tulikua tukijua kwamba kwetu hakuna kitu, ila mvule upo. Baba alipofariki, mama naye akaugua akalazwa, na baba mdogo akaiuza ile meza apate ya dawa. Simlaumu. Muongo mimi, namlaumu sana. Mama alirudi, akatazama pale ilipokuwa. Tangu hapo hajala mezani. Sasa anaishi kwangu, nina meza nzuri ya kioo, lakini yeye anakaa kwenye kiti cha pembeni na sahani mapajani. Nikimwita ananiambia, "Hapa panatosha, mwanangu." Hilo "panatosha" linanichoma kila siku.

Shida ni kwamba mafundi wote wa mtaa wetu wa zamani waliiga ile miguu. Meza za namna hiyo zilijaa kila nyumba. Ila za wenzake zilikuwa za msonobari, mbao nyepesi za makasha ya mizigo. Ya mvule ilikuwa moja tu. Kwa hiyo nilihitaji kujua kitu kimoja: chini ya kijani hicho kuna mti gani?

"Mninga mtupu huo, dada," alisema muuzaji. Wanamwita Kizuri Chajiuza, kwa sababu methali yenyewe anaijua nusu tu. "Na ujue jioni hii mwenye duka la rangi anakuja kuichukua. Anataka ya kuchanganyia rangi zake."

Kuchanganyia rangi! Meza ya baba yangu! Nikamwambia asithubutu, nikaenda mbio kumwita Mama Randa.

Mama Randa ana karakana nyuma ya stendi, na sifa zake anajipa mwenyewe. "Mwanamume anaweza kunidanganya," husema, "mbao haiwezi." Alikuja na patasi mfukoni na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Akaizunguka meza. Kisha akachagua kona moja, akalaza patasi, akaanza kukwangua kijani kwa wepesi ambao sijawahi kuuona. Rangi ilitoka kama ganda la yai la kuchemsha, na ubao chini yake haukupata hata mkwaruzo. Kilipotokea kipande cha ukubwa wa kiganja, kahawia iliyoiva, akainama na kioo chake.

"Vitundu hivi hapa, vidogo vidogo," akasema. "Msonobari hauna vitundu. Huu mvule, bibi wee!"

Moyo ulinilipuka. Nilitaka kumkumbatia hata Kizuri Chajiuza.

"Ngoja kwanza." Mama Randa alikuwa ameshika ukingo wa meza na kuinyanyua upande mmoja kwa mkono mmoja. Uso ukambadilika. "Mbona nyepesi? Mvule wa ukubwa huu ungenitoa jasho."

Tukaipindua. Akakwangua upande wa chini, pale ambapo hakuna fundi anayepoteza muda kupapamba, akachukua unyuzi mdogo wa mbao, akausugua kwenye vidole, akaunusa, akanipa na mimi. Ulinukia utomvu. Chini palikuwa peupe, pana mafundo, na hapakuwa na kitundu hata kimoja. Tukaigeuza tena, akarudi juu na kioo chake, akakaa pale muda mrefu, na alipoinua kichwa alikuwa anacheka peke yake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Huu ni msonobari. Vitundu hivi vimetobolewa kwa sindano, kimoja kimoja, meza nzima. Na rangi ya mti imepikwa. Loo! Mimi, nimedanganywa na mbao! Ukiona vyaelea jua vimeundwa. Huyu mtu ningempa mkono."

Yeye alikuwa anashangilia, mimi nimeishiwa nguvu. Msonobari! Basi si yetu. Nikamwachia Kizuri Chajiuza meza yake na kijani chake, nikarudi nyumbani nimefura.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, anakula, sahani mapajani. Sikutaka kumwambia, lakini mimi nikinuna hata jirani anajua.

"Nani kakuudhi?"

Nikamwaga yote: miguu, kijani, Mama Randa. "Nikadhani nimekupatia meza yako, mama. Kumbe msonobari, umetobolewatobolewa kwa sindano ufanane na mvule."

Mama akaacha kutafuna. "Vitundu viko juu tu? Chini havipo?"

"Havipo."

Akaweka sahani chini, akainuka. "Nipe viatu vyangu."

"Mama, nimekwambia si mvule."

"Nimekusikia. Viatu."

Tulipofika, mwenye duka la rangi alikuwa ameshaipakia kwenye mkokoteni, imelazwa ubavu. Mama hakumsalimu mtu, mama yangu huyu anayesalimia hata watoto wachanga. Alipeleka mkono kwenye kona iliyokwanguliwa, akapapasa kama mtu anayesoma gizani. Kisha akasogeza kidole hadi ukingoni.

"Hapa nilichoka," akasema. "Nimeweka ovyo. Aliniambia niache, nikakataa."

Mama Randa, ambaye hakuwa ameondoka bado, akaja na kioo chake. Kweli, pale ukingoni safu za vitundu zilipinda. Akamtazama mama, na sauti yake kubwa ikashuka. "Shikamoo, mama. Ni wewe?"

"Marahaba. Yeye aliranda, mimi nikatoboa. Rangi tulichemsha majani ya chai, na maji ya misumari yenye kutu." Akanigeukia. "Baba yako alimwahidi mama yangu kwamba binti yake atakula kwenye meza ya mvule. Mvule ukamshinda, akapata makasha. Siku ile wazazi wangu walipokuja, mama aliipapasa meza nzima, akasema mkwe wangu mtu wa kweli. Tulicheka usiku kucha, tumejifunika shuka mdomoni."

"Maisha yote alitudanganya!" nikasema. Nilipandwa na hasira kweli.

"Hakuwadanganya ninyi. Kila akigonga ile meza mbele ya watu, alikuwa ananikonyeza mimi."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hasira ikaniisha pale pale, nikalia mbele ya mkokoteni. Mwenye duka la rangi akaanza kuteremsha meza mwenyewe, bila kuambiwa, akasema yeye hata ndoo iliyopinduliwa inamtosha.

Mama Randa aliibeba hadi karakana kwake. Hakukubali mtu aiguse. Akamuuliza mama kama aiparue yote, ibaki mbao safi apige vanishi.

"Kijani toa," mama akajibu. "Ukifika kwenye vitundu, simama."

Akasimama pale pale alipoambiwa. Nimeona kazi nyingi, lakini ile ya kutoa kijani chote na kuacha jasho la wawili wale bila doa, sijaiona tena.

Siku meza ilipoingia nyumbani mama aliandaa mwenyewe, akavuta kiti, akaweka sahani yake juu yake na viwiko viwili. Nami nikavuta changu. Tukiwa tunakula akaingia baba mdogo. Alipoiona alisimama mlangoni, macho yakamjaa maji. Akaja akaipapasa polepole kama mtu anayeomba radhi.

"Shemeji," akasema, "ndiyo ile? Ule mvule wa kaka?"

Mama akanitazama, akanikonyeza.

Nikakunja kidole, nikaigonga meza, ko ko. "Mvule huo, baba mdogo," nikasema. "Vuta kiti."