Mita Mia Nne hadi Zahanati

Jumatatu asubuhi mpima ardhi wa mji mpya alisimama mlangoni kwa mama yake, akashika mpini wa kigurudumu cha kupimia, kile kinachohesabu mita kadiri unavyokisukuma, akaanza kutembea kuelekea zahanati. Mama yake alikuwa amesema mtaa unarefuka. Mpima hakubisha. Mama alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini, na jicho lake lilikuwa halikosei hata nusu inchi.

Kwenye ramani, ambayo mpima aliichora kwa mkono wake, kutoka mlango ule hadi zahanati ni mita mia nne. Kigurudumu kilipogusa ngazi ya zahanati kilionyesha mia tisa na kumi. Akageuka, akapima tena, kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka. Njia ya kurudi ilikuwa mia tisa na kumi na mbili.

"Si nilikwambia?" mama alisema, akijisugua magoti kizingitini. "Jana ilikuwa mia nane na ushee. Chai ipo."

Akanywa chai.

Mji ule ulikuwa ndoto ya mama kabla haujawa kazi ya mwanawe. Katika mji wa zamani binti yake wa mwisho aligongwa na gari akitoka shule, mahali ambapo aliyejenga barabara alisahau kabisa kuwa watu wana miguu. Hospitali hakufika. Tangu siku hiyo mama hakupanda tena gari dogo, basi tu, tena kiti cha nyuma. Ulipotangazwa mji mpya ambao magari ya watu binafsi yangeishia kwenye kizuizi cha langoni, na ndani pakabaki miti, baiskeli, waenda kwa miguu na basi dogo la kuzunguka mitaa, mama alimwambia mwanawe, "Uuchore vizuri." Naye aliuchora vizuri. Kila mtaa aliupa kivuli, na kila mita mia mbili akaweka kituo cha basi chenye benchi.

Miezi miwili kabla watu hawajahamia, mkuu wa idara alilifuta basi. Ofisini walimwita Mkasi, maana hakuna ramani iliyopita mezani kwake ikatoka nzima. Penye vituo akaweka maegesho ya magari yenye vibali. Waliopewa vibali walikuwa wakuu, wasaidizi wa wakuu, na wenzi wao. Ramani mpya ilitaka sahihi ya mpima. Alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu aliitia sahihi kwa shingo upande, akijifariji kwamba mita mia nne si kitu, mtu atajikongoja. Wiki iliyofuata aliletewa stika ya kijani ya kubandika kwenye kioo cha gari. Akaibandika.

Alipomaliza chai siku ile ya Jumatatu, aliupita mtaa huohuo kwa gari. Kwenye dashibodi zikahesabika mita mia nne kamili.

Alimweleza Mkasi.

"Mtaa umerefuka, mkuu. Ila kwa wanaotembea tu."

"Umerefuka kwa kiasi gani?"

"Mia tano na kumi na mbili hadi leo asubuhi. Unaongezeka."

Mkasi akatazama ramani ukutani. "Mimi kutoka kwangu hadi hapa ni dakika tatu."

"Ndiyo, mkuu. Wewe unakuja kwa gari."

"Haya, andika kwenye daftari la marekebisho. Na watu watangaziwe watoke mapema."

Wakatangaziwa, nao wakatoka mapema. Kufikia Jumatano, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa anaondoka kwake kabla jua halijachomoza, anawasili kengele ya chakula ikilia, anafundisha somo moja kisha anageuza. Mama wa mapacha, jirani wa mama, alikuwa anabeba chupa mbili za maji kwenda dukani kununua maji. Fundi viatu alihamisha kigoda chake katikati ya mtaa, na alasiri ileile katikati ikawa imesogea. Magari yenye stika yalipita kama kawaida, vioo vimepandishwa, na waliokuwa ndani hawakuwa na hili wala lile.

Alhamisi ilikuwa siku ya mama kuchukua dawa ya presha. Mpima alifika na gari.

"Panda, mama. Leo tu."

"Na huyu mwenye mapacha, naye anapanda?"

"Kibali kinaruhusu mtu wa familia. Mmoja."

"Basi tutatembea naye," mama alisema, akajifunga mtandio kichwani. "Tangulia. Uniwekee nafasi kwenye foleni."

Akatangulia kwa gari, dakika moja tu akafika. Akamwekea nafasi. Watu walihudumiwa, foleni ikaisha, nesi akafunga dirisha la dawa. Mama hakutokea. Mpima alisimama ngazini akitazama mtaa, na mbali sana, mdogo kama tundu la sindano, akauona mtandio wa mama. Ulikuwa unatembea.

Ijumaa asubuhi aliingia kwa Mkasi bila kubisha hodi.

"Turudishe basi, mkuu."

"Maegesho yamejaa. Basi litasimama wapi?"

"Mama yangu yuko njiani tangu jana."

"Pole sana," Mkasi alisema, na alimaanisha. "Mchukue kwa gari. Si una kibali?"

Mpima alishuka chini, akaibandua stika kwa kucha, akapanda tena akaiweka mezani. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye kioo cha shemeji yake Mkasi. Mpima akaanza kutembea kumfuata mama. Alitembea mchana ule, akalala kwa watu, akaendelea. Jumamosi alasiri alimkuta mama amekaa ukingoni mwa njia na jirani yake, kila mmoja amepakata pacha mmoja.

"Umekuja kwa miguu?" mama aliuliza.

"Kwa miguu."

"Viatu hivyo vitakutoa malengelenge. Keti."

Akaketi. Aliyatazama magoti ya mama, yamevimba kama mikate.

"Nani alilifuta basi?" mama aliuliza.

"Mkuu wa idara."

"Na sahihi?"

"Yangu, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyeletewa nguo akaona ilikokosewa na kujua kitambaa hakitoshi tena kuishona upya. Hakumgombeza, na mpima alitamani sana agombezwe.

"Ulichora mabenchi mazuri," mama alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeyapenda." Kisha akanyoosha mkono. "Niinue."

Akamwinua. Jirani akajifunga pacha mmoja mgongoni, mpima akampokea wa pili. Gari lenye stika likapita, likawapigia honi wapishe, wakapisha. Wakaendelea.

Tangu hapo miezi imepita. Daftari la marekebisho limejaa, limefunguliwa jingine, na Mkasi ameitwa miji mingine miwili kwenda kusaidia kuipanga. Zahanati hufunguliwa saa mbili. Nesi, ambaye naye sasa analala humohumo ndani kwa kuwa kwake hakufikiki, huweka kadi ya mama juu kabisa, kwa heshima ya umri wake. Kila asubuhi hulitaja jina lake kwanza. Hungoja kidogo.

"Yuko njiani," husema mtu mmoja kwenye foleni.

"Haya," husema nesi, na kumwita anayefuata, ambaye gari lake liko hapo nje.