Hodi Tatu kwa Pumzi Moja

Mwanakheri wa Sofu, Kibaha, hakuwa na ila nyingine ya kusemwa isipokuwa haraka. Chai aliinywa ikimuunguza, simu aliikata kabla ya kwaheri, na bibi yake kule Mlandizi alikwisha kumpa jina la Bi Chapuchapu. Lakini tusimwonee binti wa watu. Kazi yake yenyewe ilikuwa kuwinda muda unakopotelea, na kazi hiyo aliiweza. Anayesema hakuiweza ana lake jambo.

Yeye na mwenzake Hamza walipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, wakaweka kompyuta mbili na feni moja yenye kelele. Humo ndimo walimotengeneza huduma waliyoiita Uliza Kwanza. Mtu aliye Kurui au Maneromango, ambako barabara ikinyeshewa humeza gurudumu zima, alituma ujumbe kwa simu yake ya kitochi: dawa fulani ipo? Ujumbe ulifika kwenye seva yao Kibaha. Seva nayo ikatuma ombi kwa seva ya stoo ya dawa, kwenye kituo kimoja cha afya huko Kisarawe. Stoo ikijibu, mtu alipata neno moja: Ipo, au Hakuna. Hapo akajua apande bodaboda au akae kwake.

Mwanzoni ombi hilo lilitumwa kwa kifurushi kikubwa cha JavaScript, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, kizito, chenye makorokoro mia, ila chenyewe kilijua kungoja na kuuliza tena. Mwanakheri hakukipenda hata kidogo. Siku moja alikitupa, akaweka kifurushi chepesi kinachofanya jambo moja tu, kupeleka ombi na kuleta jibu. Kifurushi cha namna hiyo usichokiambia hakifanyi. Yeye alikiambia kisingoje sana. Jibu likichelewa, kiachane nalo. Halafu kuna mahali pa kudaka makosa, pale unapoandika nini kifanyike mambo yakienda kombo. Hapo Mwanakheri aliandika neno moja la haraka, akaendelea na mengine. Aliandika "Hakuna".

"Sasa mtambo unachanja mbuga," Hamza alisema siku ile, akitazama majibu yanavyotoka.

"Si nilikwambia? Ule mzigo wote ulikuwa wa nini?"

Walikunywa soda kusherehekea. Basi, yakapita majuma, huduma ikaenda, na hakuna aliyelalamika. Watu wa vijijini wakiambiwa hakuna hawalalamiki, wameshazoea.

Asubuhi moja simu ya ofisi ikaita. Alikuwa mwanamke mtu mzima, na lafudhi yake ilikuwa bado ya Usukumani ingawa maneno yalikuwa ya Pwani.

"Nyie ndio wa Uliza Kwanza?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba. Mimi Esteria, mke wa Magembe, wafugaji, tuko huku Kurui karibu na lambo. Mume wangu kaumwa na mbwa malishoni. Kila tukiwauliza chanjo ya kichaa cha mbwa, mnasema hakuna. Na yule mbwa kakutwa kafa mwenyewe, hakuna aliyempiga. Sasa nauliza, mwanangu, mnaileta lini? Maana sisi tunangoja tu."

Simu ikakatika. Mwanakheri alijaribu kumpigia, akaambiwa namba haipatikani.

Mbwa anayeuma watu kisha akafa mwenyewe, hata mtoto wa shule ya msingi anajua maana yake. Ugonjwa ule ukishajitokeza mwilini hauna daktari. Chanjo ni ya kuwahi kabla haujaamka, na mzee wa watu alikuwa amekaa nyumbani anangoja. Mwanakheri akampigia Ponsiano, mtunza stoo wa kile kituo.

"Hakuna? Kasema nani?" Ponsiano alishangaa. "Friji limejaa, dada. Hizi hapa naziangalia."

"Na kompyuta yako inafanya kazi?"

"Inafanya. Inajibu kwa kujivuta tu, si unaujua mtandao wetu."

Mwanakheri alikata simu, akaifungua ile programu. Hakuhitaji kutafuta sana. Stoo ilikuwa ikijivuta kutafuta jibu, na kifurushi chake chepesi kilikuwa kimeshageuza mgongo na kuwatangazia watu hakuna.

"Ya Rabi," alisema. "Hamza, nimemwua mzee wa watu."

"Hujamwua bado. Toa pikipiki ndani mimi nitafute helmeti."

Lakini Mwanakheri hakuondoka hivihivi. Alivamia kibodi akaandika kwamba ombi lisipojibiwa lipelekwe tena, na tena, mara tatu mfululizo. Alijaribu palepale mezani, mtandao wa stoo ukiwa umetulia kidogo, ikatoka Ipo, safi kabisa.

"Tujaribu na mtandao mbovu kwanza," Hamza alisema.

"Tukae tunajaribu mtu akifa? Twende bwana!"

Akaitia kompyuta kwenye begi, wakaondoka. Njia ya Kurui sina haja ya kuisimulia. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita Mungu amemstiri. Walipofika waliulizia kwa Magembe, wakaelekezwa boma la miti lenye nyumba ya bati pembeni. Ng'ombe walishatoka kwenda malishoni. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa.

Mwanakheri hata hakuvua helmeti. Alisimama uani akapaza sauti. "Hodi hodi hodi!"

Kimya.

"Hakuna mtu," akamgeukia Hamza. "Washa, huenda wameshampeleka kwa waganga. Tukaulize kwa majirani."

Hamza alikuwa ameshaweka mguu kwenye kiki pale sauti ilipotoka ndani, nzito, isiyo na wasiwasi.

"Kariiibu! Huyo anayepiga hodi anafukuzwa na nani?"

Ilipita kitambo. Wakasikia kitanda kikilia, kisha gongo likigonga sakafu, kisha kimya cha mtu anayepumzika njiani. Mwishowe mlango ukafunguka, akatokea mzee mrefu mwembamba, amefunga shuka, mguu mmoja umezungushiwa kitambaa chini ya goti na majani yanachungulia pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hodi tatu kwa pumzi moja, mwanangu, hiyo ni hodi moja. Mtu unamwita, unamwacha ainuke, ajifunge shuka yake, ndipo umwite tena. Wewe umenikuta bado naitafuta fimbo, nakusikia unasema hakuna mtu. Mimi si mtu?"

Hamza alicheka. Mwanakheri hakucheka, maana maneno yale yalikuwa yamemchoma mahali asipopatarajia. Lakini haraka yake ilikuwa bado inamsukuma. Akavuta kigoda, akajieleza kuwa wao ndio Uliza Kwanza, kwamba chanjo ipo Kisarawe tele, na kwamba pikipiki iko tayari, mzee apande sasa hivi.

Magembe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Siendi."

"Baba!"

"Nimeuliza, nikaambiwa hakuna. Nikauliza tena, hakuna. Barabara yenyewe mmeiona. Mguu huu ukitikiswa mpaka huko, nikafika nikaambiwa rudi nyumbani, nani atanibeba? Haya, leo mnakuja wenyewe na pikipiki mnasema ipo. Mimi mnaniona nani, mpira wa kupigwa huku na huku?" Akachomoa simu yake ya kitochi kwenye fundo la shuka, akamnyooshea. "Kinywa kilichosema hakuna ndicho kiniambie ipo. Uliza hapa, mbele yangu."

Mwanakheri aliipokea kwa furaha. Si alikuwa ameshaitengeneza? Akaandika swali, akatuma, akamrudishia mzee simu yake. Haukupita muda, simu ikalia. Magembe akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akamgeuzia aone mwenyewe.

Hakuna.

Alitamani ardhi ipasuke. Hamza akainama kutazama gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Na pale, mbele ya mzee mwenye majani mguuni, Mwanakheri alielewa alichokifanya. Kupeleka ombi mara tatu mfululizo kwa seva inayojivuta ni hodi tatu kwa pumzi moja. Kumbe kasoro haikuwa idadi ya kuuliza. Hakuwa amempa mwenyeji nafasi ya kuinuka, na asipoitikiwa, badala ya kusema sijaitikiwa, alikuwa anasema hakuna mtu.

"Baba," alisema. "Stoo haijasema hakuna. Siku zote hizi haikusema. Neno hilo nimeliandika mimi kwa mkono wangu. Mashine inauliza, jibu linachelewa, inakwambia hakuna kwa sababu mimi niliiambia iseme hivyo. Nisamehe."

Mzee alimtazama. Si kwa hasira; kama angekuwa na hasira Mwanakheri angeona nafuu.

"Mimi nikimtuma mtu kutafuta ng'ombe," alisema taratibu, "akirudi akasema sijamwona, namtuma tena. Akisema hayupo, nalala. Ng'ombe aliyepotea kwa 'sijamwona' ninaye bado. Wa 'hayupo' nimeshamkosa. Wewe ulinilaza, mwanangu."

"Nilikulaza, baba."

Alifungua kompyuta juu ya magoti na kuunganisha mtandao wa simu, ambao ulikuwa kijistari kimoja kinachokuja na kwenda. Safari hii hakuvamia. Alikiambia kifurushi kipeleke ombi na kungoja. Kisipojibiwa kikae kidogo, kiulize tena; kisipojibiwa tena kikae zaidi ya pale mwanzo. Kisha akaenda kwenye lile neno, akalifuta herufi moja moja. Aliandika mengine mahali pake. Hamza alisoma begani kwake na safari hii hakuwa na utani.

Magembe alituma swali mwenyewe kwa kidole gumba. Wakangoja. Kuku akapita kati yao, akatoka. Mwanakheri mikono ilikuwa inamwasha, na akaikalia. Hatimaye simu ikalia, na mzee akasoma kwa sauti, akitamka kila neno.

"'Stoo haijaitika bado. Si kwamba dawa hakuna. Naendelea kuuliza.'" Akairudisha simu kwenye fundo la shuka. "Haya. Hilo ni neno la mtu mzima. Esteria yuko shambani, tumpitie tumwambie. Kijana, nishike mkono."

"Lakini haijasema ipo," Hamza alitamka bila kufikiri, na Mwanakheri alimkata jicho.

"Nilidai ipo," mzee alisema. "Kumbe nilichotaka ni kweli."

Walipanda mshikaki, Hamza mbele, mzee katikati, Mwanakheri nyuma amemkumbatia asianguke. Walikuwa wameshapita shamba la Esteria, mwanamke akilia na kucheka kwa pamoja na kuwatupia kanga ya kumkingia mumewe vumbi, ndipo simu ikalia tena ndani ya fundo. Mzee hakuitoa. Mikono yake ilikuwa imeshika mabega ya Hamza.

Kituoni muuguzi wa zamu aliitwa Adventina, mama wa makamo, mkono mwepesi, mdomo mkali. Aliyabandua majani, akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akachoma sindano zote zilizotakiwa siku hiyo, na muda wote huo alikuwa anasema.

"Nyie wafugaji nyie! Mtu anaumwa na mbwa anakaa nyumbani anajifunga majani kama kisamvu. Ng'ombe akiumwa mnakimbia usiku kucha, ila ninyi wenyewe hapana. Una bahati dalili hazijaanza, mzee. Zingeanza ungeniletea jeneza, si mguu. Na kurudi utarudi, sindano bado hazijaisha, usije ukaniambia ulikuwa unachunga."

Magembe alitazama ukutani. Angeweza kumnyooshea kidole msichana aliyesimama mlangoni, na hakunyoosha. Mwanakheri aliona anavyoumeza ule ukali usiokuwa wake, akaona haya kuliko alivyopata kuona maishani. Na ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Mzee alishachomwa, neno lilishafutwa; nani angejua?

"Dada," akasema, "usimgombeze. Aliuliza siku ileile aliyoumwa. Akauliza tena na tena. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu hakuna, na dawa ipo."

Adventina akasimama na pamba mkononi. Mwanakheri akaeleza yote, bila kujipamba, jinsi kila stoo ilipochelewa kujibu, watu wa huko vijijini walivyoambiwa hakuna.

"Mzee peke yake?"

"Yeyote aliyeuliza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

Muuguzi aligeuka akatazama benchi refu la wanaongoja chanjo nje ya mlango. Hapakuwa na mtu. Alilitazama muda, kisha akakaa chini taratibu kwenye kiti chake.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilikuwa naliona benchi hilo tupu kila siku, namshukuru Mungu. Nasema, mwezi huu mbwa wametulia."