Igizo la Mgeni Rasmi

Mwanangu akila karanga anakufa. Sitafuni maneno. Punje moja tu, koo linavimba, pumzi inakata, na asipochomwa sindano upesi, tunazika. Nilimweleza hivyo mwalimu mkuu siku niliyomwandikisha, nikamkabidhi na sindano yenyewe, ile yenye umbo la kalamu inayochomwa pajani juu ya nguo. Akaiweka kwenye droo ya meza yake. "Ondoa shaka, mama," akasema. "Hapa mtoto wako ni mtoto wetu."

Wakamfanya wao kweli. Ilipotangazwa kwamba mgeni rasmi atakuja kuangalia jinsi shule ilivyojiandaa kwa watoto kama wangu, walimu hawakukaa kufundishana kuchoma sindano. Walitunga igizo. Chiriku, ndivyo tunavyomwita kwa sababu hanyamazi, akapewa nafasi ya mgonjwa. Wimbo ukiisha angeingia, ashike koo, aseme, "Mwalimu, siwezi kupumua," kisha aanguke. Mwalimu wa afya angemchoma kwa kalamu ya kuandikia ubaoni, maana ile ya kweli si ya kuchezea. Mimi fundi cherehani, nikaombwa nishone koti jeupe la mwalimu huyo, nikashona. Nyumbani mtoto akawa anaanguka sebuleni kutwa nzima, mpaka bibi yake akamkemea, "Wewe, kifo hakijaribiwi!"

Siku ikafika. Wazazi tulikaa kwenye mabenchi, mgeni kwenye kochi lililotolewa ofisini. Nyuma ya pazia watoto wa igizo walikuwa na njaa, na makamu wa mwalimu mkuu, kwa huruma zake, akawagawia biskuti zilizobaki za mgeni. Chiriku aliuliza kama zina karanga. Akajibiwa, "Kula, mtoto, leo usiwe na maswali mengi." Hayo niliyajua baadaye.

Wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa pili tu Chiriku alipotokea ameshika koo. "Mwalimu, siwezi kupumua." Akaanguka vibaya, akatanguliza bega.

Makofi yakarindima. Mama aliyekaa kando yangu akanigusa kiwiko: "Mwenzangu, mwanao ana kipaji huyo!" Mwalimu wa afya naye hakutaka kuumbuka mbele ya mgeni. Akanyamazisha kwaya, akapiga magoti na koti lake jeupe, akaikandamiza kalamu ya ubaoni pajani mwa mwanangu huku akihesabu kwa sauti, na ukumbi mzima ukihesabu pamoja naye.

Mimi nilikuwa natazama midomo. Mtoto unaweza kumfundisha kuanguka, lakini midomo haifundishwi kuvimba.

Nilitoka mbio. Mlangoni makamu alinikingia mkono: "Mama, itifaki! Mgeni bado amekaa." Nilimpiga kikumbo, yeye na itifaki yake wakaenda chini. Namshukuru Mungu droo haikuwa imefungwa. Nikarudi na sindano, nikamsukuma yule wa koti jeupe, nikamchoma mwanangu kwa mkono wangu, nikamsikia akivuta pumzi moja nyembamba, kisha nyingine. Nikapiga kelele, "Si mchezo! Leteni gari!"

Wakashangilia. Mgeni rasmi alisimama kabisa, akasema hajawahi kuona igizo linalomshirikisha mzazi kiasi kile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wa kwetu alikuja na mwenyeji akawa anakata roho miguuni pake huku yeye akipiga makofi. Ni dereva wake, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, ndiye aliyeona kuwa machozi yangu si ya maigizo. Alimbeba Chiriku mpaka garini bila kumwomba mtu ruhusa.

Kesho yake mwalimu mkuu akaja hospitalini, uso umemkunjuka kwa furaha. Shule imesifiwa, akasema, na igizo limeombwa likaonyeshwe shule nyingine. Wala hakuuliza mtoto alikula nini. Nilikuwa bado natafuta tusi la kumtosha, Chiriku alipofungua macho. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Nilianza kabla wimbo haujaisha."

Mwalimu mkuu akampapasa kichwa.

"Usijali, mwanangu. Hakuna aliyegundua."