Mikono ya Taisia na Viatu vya Malkia wa Msitu

Taisia Belozerova alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, miguu mizuri na sifa mbaya. Baada ya kisa cha samaki wa chumvi aliyekutwa ndani ya piano, mkuu wa shule ya baleti, Rodion Lvovich, alimwita ofisini na kumweleza kwa upole wa kutisha: kituko kimoja zaidi, na onyesho la kuhitimu atalitazama kutoka roshani ya juu kabisa. Kwa sasa, kila alasiri angemsaidia Aglaya Feodorovna, mtunza makumbusho ya shule.

Taisia alitubu. Alitubu kwelikweli, jambo lililomshangaza hata yeye, kwa kuwa katika onyesho hilo alipewa ngoma ya kucheza peke yake, na mama yake alikwisha kata tiketi ya treni kutoka kwao, mji wa Perm.

Siku ya kufunguliwa kwa chumba kipya cha makumbusho, Aglaya Feodorovna alimvisha glavu nyeupe na kumkabidhi hazina ya shule: viatu vya baleti vya hariri ya atlasi ya kijani, vilivyotariziwa majani ya dhahabu. Vilishonwa zamani kwa ajili ya mcheza baleti Kapitolina Zosimovna, mgeni rasmi wa leo, ambaye alikuwa acheze kama Malkia wa Msitu. Aliteguka mguu siku ile ile ya onyesho, na viatu havikuvaliwa kamwe. Vilivyochakaa makumbusho ilikuwa navyo tele. Vipya ni hivi tu.

"Vibebe kama yai."

"Bichi au la kuchemsha, Aglaya Feodorovna?"

"Taisia."

"Bichi. Nimeelewa."

Aglaya Feodorovna akapanda ngazi kurekebisha taa, huku akimuuliza habari za mtihani wa juzi. Taisia akaanza kusimulia.

Sasa, kiatu kipya cha kusimamia vidole ni kigumu kama ubao, na jukwaani hulia kama kwato za farasi. Kwa hiyo kila msichana wa shule ile, tangu utotoni, akishikishwa kiatu kipya hukivunja soli kwa mikono miwili, kisha hugonga ncha yake mlangoni ili kilainike. Hufanya hivyo akipiga soga, akila maandazi ya kabichi, hata akisinzia.

Kraa. Ko, ko, ko.

Simulizi ya mtihani ilikatika. Taisia alikitazama kiatu mkononi mwake kama mtu aliyeletewa maiti ya jirani.

"Umefanya nini?" sauti ya Aglaya Feodorovna ilitoka juu ya ngazi.

"Si mimi. Ni mikono."

Rodion Lvovich, aliyekuwa akipita ukumbini, aliingia. Aliona kiatu, akaona mlango.

"Naapa si kituko," Taisia alisema.

"Na samaki naye aliingia kwenye piano kwa miguu yake?"

"Yule nilimtia mimi. Hiki kimetokea tu."

"Roshani, Belozerova."

Machozi yalimlengalenga. Mara hii moja katika maisha yake hakuwa na hila, na hakuna aliyemwamini. Kabla hajajitetea, mkongojo ulisikika ukumbini: Kapitolina Zosimovna alikuwa amefika mapema. Rodion Lvovich alikinyakua kiatu kilichovunjika, akakificha mgongoni, na kumpa bibi yule kile kizima. Glavu hakuna aliyethubutu kumtajia.

"Rodya, umenenepa," bibi alimwambia mkuu wa shule kwa furaha, akikigeuza kiatu mikononi. "Mama yako hajambo? Bado anaweka jamu kwenye chai mpaka kijiko kinasimama?"

Kraa. Akauegemea mlango. Ko, ko, ko.

Kisha akaitazama mikono yake.

"Ee Mungu wangu. Nimefanya nini?"

Rodion Lvovich, polepole sana, akautoa mkono mgongoni. Bibi akakipapasa kiatu kilichokuwa kimefichwa.

"Nani kakilainisha hiki?"

Taisia akanyoosha mkono juu.

"Ncha umeigonga vizuri, binti. Soli umeivunja chini mno. Anacheza lini huyu, Rodya? Nataka kiti cha mbele."

Mkuu wa shule alifikiri kwa muda mrefu na kwa heshima zote, kiatu alichovunja Taisia kikiwa kimerudi mikononi mwake.

"Rodion Lvovich," Aglaya Feodorovna alisema kutoka ngazini, "kidole gumba chako."

Akatazama chini. Kidole gumba chake kilikuwa kinaikanda ncha ya kiatu, taratibu, kama unga.

"Atacheza Jumamosi," alisema, akakiweka kiatu mezani na kuitia mikono yake mifukoni.